Safu ya Mbele Haikaliwi: Siku Tano George Town

Jumatatu, 28 Agosti 2023

Nimefika Penang, kisiwa cha Malaysia, miguu imevimba. Unguja hadi Doha, Doha hadi Kuala Lumpur, halafu basi la mwendo wa saa tano hadi Butterworth, na mwisho feri ya kuvukia kisiwani, mjini George Town. Kwa aliyezoea boti la Dar wakati wa kusi, feri hii haikupi hata muda wa kuchafukwa roho. Mdogo wangu alinipokea gatini, ana vindevu ambavyo mama hajaviona. Yuko mwaka wa mwisho Universiti Sains Malaysia, na mimi nimetumwa na ukoo mzima kuja kuhakikisha kwamba anakula.

Anakula. Usiku huuhuu kanipeleka kwa Waislamu wa Kitamil wanaouza nasi kandar, wali unaomwagiwa michuzi mitatu minne kwa makusudi mpaka punje hazionekani. Kandar ni mti wa kubebea begani, mzigo huku na mzigo huku. Ndio mzega wetu. Zamani muuzaji alipita mitaani na wali upande mmoja na mchuzi upande wa pili.

Kinachonitaabisha ni saa. Hapa Magharibi inaadhiniwa saa moja na nusu usiku. Unamwambia mtu "saa moja usiku" na jua linakuchoma utosini.

Tukirudi kwa miguu nikaona kila baada ya nyumba chache kuna debe linawaka moto mlangoni, na vijiti vya udi vimechomekwa pembeni mwa barabara, kwenye nyufa za lami. Karibu yake sahani ya wali, machungwa, kikombe cha chai.

"Dada, usikanyage."

Ni mwezi wa saba kwa kalenda yao ya mwezi. Wachina wa hapa huamini kwamba katika mwezi huu malango ya kuzimu hufunguliwa, na wafu wasio na mtoto wala mjukuu wa kuwakumbuka hutoka kutafuta chochote. Mizimu yenye njaa. Basi walio hai wanawalisha, na wanawachomea karatasi ili ziwafikie huko: noti za kutumia ahera, mashati ya karatasi, viatu vya karatasi. Dukani nimeona simu ya karatasi, imepakiwa pamoja na chaja yake. Chaja ndiyo iliyonimaliza.

"Kwani huko umeme upo?"

"Dada, punguza sauti."

Jumanne, 29 Agosti

Asubuhi tulikwenda Khoo Kongsi, jumba la ukoo wa Khoo. La mwanzo liliungua mwaka 1901, na hili la sasa likakamilika 1906. Nakshi za paa lake zinachosha macho, sitazieleza. Nilichokishika ni jukwaa. Mbele ya hekalu kuna uwanja wa mawe, na ng'ambo ya uwanja kuna jukwaa la kudumu la maonyesho, limelitazama hekalu ana kwa ana. Anayetumbuizwa ni aliye ndani ya hekalu. Sisi wengine tunajipenyeza katikati.

Nisingeona hilo asubuhi, nisingeelewa kitu usiku.

Usiku kulikuwa na opera ya mtaani. Mdogo wangu hajawahi kwenda hata mara moja katika miaka yake mitatu na nusu hapa. Anasema kelele zake huzisikia akiwa kitandani, zinamtosha. Nikamburuta. Uchochoro mmoja karibu na soko umefungwa magari. Mwisho mmoja limesimamishwa jukwaa la mbao na mabati, limenyanyuliwa usawa wa kifua cha mtu, na pazia la nyuma lina picha ya kasri. Mwisho wa pili kuna banda la ibada, na ndani yake amekaa Tai Su Yeah, mtawala wa mizimu: sanamu la karatasi juu ya mifupa ya mianzi, refu kuliko dari ya nyumba yetu, macho yamemtoka. Juu ya kichwa chake kuna kisanamu kidogo cha Kuan Yin, mungu wao wa huruma. Kazi ya Tai Su Yeah ni kuangalia kwamba kila mzimu unapata sehemu yake na haunyang'anyi ya mwenziwe. Kama msimamizi wa sahani za pilau kwenye shughuli. Nilipompita nilisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo, na nikimtazama mdogo wangu, midomo yake nayo inachezacheza.

Kati ya jukwaa na banda kuna viti vya plastiki, vyekundu. Safu ya mbele viti kumi na viwili, vitupu. Nyuma yake watu kumi na wanne, niliwahesabu, wengi wao vikongwe. Hakuna aliyekaa mbele, na mjamzito mmoja amesimama ameegemea ukuta. Mdogo wangu akaninong'oneza kwamba hiyo safu ni ya wenyewe.

Hapo nikamkumbuka bibi mzaa mama. Bibi alikuwa na pepo wa Kibuki, wale wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, na ngoma yao ikipigwa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, alikuwa hakosi, babu akinuna asinune. Kwetu mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. "Fulani ni kiti wa nani?" watu wanaulizana. Pepo hana mwili, basi hukalia mwili wa mtu, na mgongo wa huyo mtu unauma siku tatu. Bibi alikuwa kiti. Na hawa wenzetu wamewapa wageni wao kiti cha plastiki cha kukodi. Sijui nani kafanya busara zaidi, lakini migongo yao imesalimika.

Mchezo haukuanza na mchezo. Kwanza walitoka wachezaji wamevaa kama Wazee Wanane wasiokufa, wakaimba baraka wakiwa wameligeukia banda la ibada, wakainama, wakaingia ndani. Hakuna aliyepiga makofi, kwa maana hayakutuhusu. Ndipo upatu ukalia.

Ala zao zimenishughulisha kuliko hadithi. Mpiga ngoma ndiye anayeongoza, na wote wanamtazama mkono. Kuna patu na matoazi ya kuzibua masikio. Kuna fidla ya nyuzi mbili yenye sauti kali ya puani, inayopakatwa mapajani imesimama. Kuna ala ya nyuzi nyingi iliyolazwa mezani na kupigwa kwa vijiti viwili vyembamba vya mianzi. Mtu wa taarabu akiiona atasema ni kanuni, ala yetu ya kudonoa kwa vidole, mpaka aone vijiti. Na kuna zumari. Wao huliita suona, jina ambalo wenyewe wamelipata kutoka kwa Waajemi, na ukilisikia kwa mbali utadhani kuna harusi Lamu.

Lugha ni Kiteochew, ya Wachina waliotoka mashariki ya jimbo la Guangdong. Wachina wengi wa Penang huzungumza Kihokkien, na vijana husoma shule kwa Kimandarini, kwa hiyo hata kati ya wale kumi na wanne si wote waliofuata maneno. Mtaa wa pili kuna jukwaa jingine, la taa na spika kubwa, wasichana wa nguo fupi wanaimba nyimbo za kisasa. Huko ndiko walikojaa. Hawa wazee wamebaki na fidla zao kama taarabu asilia inavyobaki na watu wake huku singeli imeliteka geti.

Kitu kimoja kabla sijalala. Mtoto wa miaka kama sita alikuwa akicheza mpira, ukamponyoka ukaingia chini ya safu ya mbele. Alisimama. Akaangalia kiti kimoja baada ya kingine, kana kwamba anatafuta mwenye uso mwema. Kisha akakutanisha viganja, akatikisa mara tatu, akapiga magoti na kuuvuta mpira kwa mguu wa mwavuli wa nyanya yake.

Jumatano, 30 Agosti

Leo ndiyo tarehe kumi na tano ya mwezi wao wa saba, siku kubwa yenyewe. Mitaa yote moshi. Macho yangu mekundu kama ya mpika maandazi.

Jana nilikaa karibu na bibi mmoja ambaye kila mtu mtaani anamwita Ah Ma, yaani bibi tu. Ana kigoda chake na chupa yake ya chai, haamini viti vya watu. Anazungumza Kimalay cha sokoni, na mdogo wangu anakijua kiasi. Alipouliza natoka wapi na akaambiwa Afrika, alinishika kifundo cha mkono, akakipima kwa vidole, akasema nimekonda. Ukoo wangu ungecheka.

Leo jioni Ah Ma ndiye aliyetupeleka nyuma ya jukwaa. Ngazi ni ubao uliopigiliwa vijiti. Juu kuna makasha ya chuma yaliyogeuzwa meza, vitanda vya turubai, nguo zimetundikwa kwenye kamba, na pembeni kabisa madhabahu ndogo ya mungu wao wa wacheza opera yenye udi unaowaka. Kikundi kinalala humohumo mpaka shughuli iishe.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anajipamba, na nilisimama nyuma yake kama nusu saa, hakujali. Alianza kwa kupaka uso wote mafuta, kisha rangi nyeupe kwa kiganja, akiigongagonga mpaka mikunjo ya umri ikafukiwa. Halafu waridi, nzito kwenye kope za juu, ikififia kuteremkia mashavuni. Wanja akaupiga kwa pumzi moja bila kupepesa. Kisha akachukua utepe wa kitambaa, akaubana kwenye panja zake, na kuukaza kwa nyuma kwa nguvu. Macho yake yote mawili yakapanda juu kwa nje, na mama wa makamo akaondoka pale kwenye kioo, akabaki binti wa miaka ishirini. Niliguna kwa sauti. Akanitazama kiooni akacheka, na meno ya dhahabu mawili yakamrudisha umri wake.

Magotini alikuwa na daftari la mistari yake. Mdogo wangu akachungulia.

"Dada, hiki si Kichina. Hizi ni herufi za Kithai."

Kumbe anatoka Thailand, na wenziwe kadhaa pia. Mistari ya Kiteochew wameiandika kwa herufi za kwao jinsi inavyotamkwa, wakaihifadhi. Wanaimba lugha ambayo wengine wao hawaizungumzi. Mdogo wangu aliona ajabu, mimi sikuona. Taarabu ya kwetu ilianza kuimbwa kwa Kiarabu, mbele ya watu wengi waliokuwa wakiambulia "habibi" tu, hadi kina Siti binti Saad walipoifungulia mlango wa Kiswahili na kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Bibi yangu alikuwa akimlilia Umm Kulthum bila kujua hata neno moja.

Mchezo wa usiku ulikuwa kesi ya Jaji Bao. Huyu ni mtu wa kweli, Bao Zheng, aliyezaliwa 999 akafa 1062, hakimu wa China zama za wafalme wa Song aliyekuwa hapokei mlungula. Jukwaani uso wake ni mweusi ti, na rangi nyeusi kwao ni ya mtu asiyependelea. Katikati ya paji kuna hilali nyeupe. Mwezi mwandamo kabisa! Mdogo wangu akasema labda ametangaza Ramadhani.

Hadithi haikuhitaji mkalimani. Kuna mume maskini anaacha mke na watoto wawili kijijini, anakwenda mji mkuu kufanya mtihani wa serikali, anakuwa wa kwanza. Mfalme anamtaka awe mkwewe. Anaulizwa una mke? Anasema sina. Kijijini njaa inaingia, wazazi wake wanakufa, mke anawazika peke yake na kufunga safari kwa miguu na watoto. Akifika, mume anasema simjui huyu. Kisha anatuma mtu akawaue. Muuaji anawaona wale watoto, anashindwa, anajiua mwenyewe kwa upanga wake.

Mke alikuwa ndiye yule wa meno ya dhahabu. Mikono ya joho lake inapitiliza vidole kwa hariri nyeupe ndefu, wanaiita mikono ya maji, na yote asiyoweza kusema aliyasema kwa hiyo. Akimsihi mume, mkono mmoja uliruka, ukafunguka hewani, ukamgusa begani, na mume akaukung'uta kama mtu anayekung'uta mchwa. Mtaa mzima ukaguna. Ah Ma akatoa sauti ambayo naijua vizuri, ile ya ulimi na meno, msonyo mrefu wa Kiswahili kabisa.

Siri yangu: kabla ya hapo nilisinzia. Kuna sehemu mtu mmoja anaimba ubeti mmoja robo saa nzima, na kama huujui wimbo, utalala.

Lakini kesi ikaniamsha. Binti mfalme anakuja kumtetea mume, mama wa mfalme naye anakuja, wote wanamkalia jaji kooni. Jaji Bao ananyamaza. Ngoma inagonga polepole, tak, tak. Kisha anainua mikono, anavua kofia yake ya ukuu, ile yenye mabawa mawili marefu, na kuiweka mezani. Basi. Hata mimi nisiyejua neno nilijua: chukueni cheo chenu. Ndipo akaamuru upanga ushushwe.

Kwetu wanawake wangepanda jukwaani kumtunza, noti zikamjaa kifuani. Hapa hakuna aliyenyanyuka. Nilipotazama safu ya mbele, mwezi ulikuwa umetoka, mpevu, mkubwa kuliko yote ya mwaka huu, na ule wekundu wa plastiki ulikuwa unang'aa kiti kwa kiti. Viti kumi na viwili vimetazama mbele. Wachezaji wakaviinamia, kisha wakatuinamia sisi.

Alhamisi, 31 Agosti

Siku ya uhuru wa Malaysia. Mji wote bendera, na wao nao huziita bendera, neno ambalo Mreno alilimwaga bandari zote alizopita. Mchana tuliswali Masjid Melayu, Lebuh Acheh, msikiti uliojengwa mwaka 1808 na Syed Hussain Al-Aidid, tajiri wa Aceh mwenye asili ya Hadhramaut. Mnara wake ni wa pembe nane. Mzee mmoja pale alipojua natoka Zanzibar alianza kuniuliza koo za masharifu mojamoja kama anauliza habari za majirani zake, na nusu yake nilimjibu.

Usiku ndio ulikuwa wa mwisho wa opera. Mchezo wa vita, jenerali mwanamke, bendera nne mgongoni na manyoya mawili ya mkia wa ndege kichwani, marefu kuliko yeye. Farasi wake ni mjeledi tu mkononi, akiutikisa amepanda, akiuinamisha ameshuka.

Mvua ilikuja bila salamu. Saa tatu na nusu hivi, matone mazito, kisha pazia zima. Tukakimbilia chini ya baraza za maduka, vigoda vichwani. Watu wa ibada wakamfunika Tai Su Yeah kwa turubai la bluu, akabaki uso tu, kama abiria wa bodaboda. Uchochoro ukawa mto. Kwenye viti hakubaki mtu.

Nilidhani wataacha. Mpiga ngoma alitazama juu, bati linapigwa kuliko ngoma yake, akaongeza nguvu. Jenerali hakugeuza hata shingo. Aliimba, na sauti yake haikutufikia barazani, mvua iliimeza yote. Tulimwona mdomo tu, na mkono, na manyoya yaliyolowa yakilala begani. Mstari wake ulipokwisha alisogea ukingoni mwa jukwaa, mahali ambapo maji yanamdondokea usoni, akaimba wa pili akiinamia safu ya mbele. Rangi nyeupe ikaanza kumchuruzika shingoni. Viti vilikuwa vinajaa maji, kila kimoja na kibwawa chake kinachorukaruka.

"Anamwimbia nani sasa?" mdogo wangu akauliza, halafu akanyamaza, kwani jibu alikuwa nalo.

Ah Ma alikuwa anamimina chai. Hakuona cha kushangaza.

Mvua ilikatika karibu na saa tano. Wakati huo mchezo ulikuwa umefika mwisho wake kamili, hawakuruka kitu, Ah Ma alisema, na Ah Ma angejua. Saa sita wakamvua Tai Su Yeah turubai, wakamtoa barabarani pamoja na mlima wa karatasi zake, wakamwasha. Aliwaka kwa dakika chache tu. Mianzi ikapasuka kama fataki, na kile kisanamu cha huruma kichwani hatukuona kilipokwendea.

Ijumaa, 1 Septemba

Asubuhi tulipita kuchukua mwavuli niliousahau barazani. Jukwaa limeshabaki mifupa, mabati yamelazwa kwenye lori, na katikati ya barabara kuna duara jeusi la majivu yaliyoloa. Mama wa meno ya dhahabu alikuwa amekaa juu ya kasha lake anakula mkate, uso mtupu, fulana ya mpira. Alinipungia.

Mwenye viti, Mmalay wa makamo mwenye kofia, alikuwa anavikusanya peke yake. Anakiinamisha kiti, anamwaga maji, anakipachika juu ya kingine. Mdogo wangu akaanza kumsaidia bila kuombwa, jambo ambalo nitalisimulia nyumbani. Safu za nyuma alizikumba mbili mbili. Alipofika safu ya mbele akasimama. Akageuka kuangalia kama namtazama, nikajifanya nahangaika na mwavuli.

"Samahanini," akasema kwa Kiswahili, taratibu, na akamwaga maji ya kiti cha kwanza.

Mwenye viti aliwahesabia watu wa lori: mia na ishirini, vyote vipo. Tukamuuliza vinakwenda wapi, ghalani? Akasema hapana, vinakwenda Balik Pulau, upande wa pili wa kisiwa, moja kwa moja. Kesho kuna harusi.